Nzuri, Ila

Kila kitufe cha kutoa maoni ni swali ambalo majibu yake yaliandikwa kabla hujafika. Unamaliza safari, unapokea mzigo ulioagiza, unakata simu ya huduma kwa wateja, na kioo cha simu kinakuletea nyota tano tupu, au madole gumba mawili, moja juu na jingine chini, au vikatuni vya uso kuanzia aliyenuna hadi anayecheka. Huulizwi umeona nini. Unaulizwa, kati ya hivi vilivyopo, chako ni kipi.

Swali langu ni dogo kwa umbo, lakini limenikaa kichwani muda mrefu. Nikishabonyeza, aliyesema ni nani: mimi, au aliyekichora kitufe? Na kama tumesema wote wawili, nani anawajibika kwa kilichosemwa?

Tuanze na YouTube. Katika miaka yake ya mwanzo, mtandao huo uliwapa watazamaji nyota tano. Mwaka 2009 wenyewe walitangaza walichokigundua: sehemu kubwa mno ya kura zilikuwa za nyota tano. Iliyofuata, tena kwa mbali, ilikuwa nyota moja. Nyota mbili, tatu na nne zilikuwa kama viti vya mbele kwenye mhadhara, vipo lakini hakuna anayevikalia. Mwaka 2010 nyota zikaondolewa, yakaja madole gumba. Unaweza kusema kampuni ilikubali tu hali halisi, kwamba watu walikuwa tayari wanapiga kura ya ndiyo au hapana hata walipopewa ngazi tano. Lakini fikiria ni nani hasa hujisumbua kubonyeza. Aliyefurahi hubonyeza kwa shukrani, aliyeudhika hubonyeza kwa kulipiza, na yule wa kati, ambaye pengine ndiye aliyetazama kwa makini kuliko wote, huondoka kimya. Nyota tatu hazikukosekana kwa sababu hakuna mtu aliyeona video ya wastani. Zilikosekana kwa sababu mtu aliyeona video ya wastani hana haja ya kumwambia mtu yeyote.

Netflix nao waliziacha nyota mwaka 2017 na kuweka madole gumba. Walisema kwamba katika majaribio yao idadi ya kura iliongezeka kwa asilimia 200. Filamu ni zilezile, watazamaji ni walewale, sebule ni ileile. Kilichobadilika ni kitufe, na ghafla watu waliokuwa kimya wakapata la kusema.

Ila walisema jambo jingine. Ukiniwekea nyota tano mbele ya filamu, nageuka mhakiki. Najiuliza kama kazi hii ni nzuri, kama inastahili kuheshimiwa, na ladha yangu itaonekanaje. Naweza kuipa nyota tano filamu ya hali halisi kuhusu njaa, kisha Ijumaa jioni, mwili umechoka, nikatazama vichekesho saa tatu mfululizo. Ukiniwekea dole gumba, umeniuliza swali jingine: tukuletee nyingine kama hii? Lipi kati ya majibu hayo mawili ndiyo maoni yangu ya kweli? Yote mawili. Tumezoea kudhani kwamba maoni hukaa ndani ya mtu kama maji mtungini, na kitufe ni kata ya kuyachotea. Lakini kata hii huyapa maji umbo lake, na mara nyingine huyapa hata rangi.

Ushahidi ulionigusa zaidi ni jaribio ambalo Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walilichapisha kwenye jarida la Science mwaka 2013. Kwa miezi mitano, kwenye tovuti ambayo watumiaji hupigia kura maoni ya wenzao, watafiti walichukua maoni zaidi ya 100,000. Baadhi waliyapa kura moja ya juu pale tu yalipochapishwa, baadhi kura moja ya chini, na mengine hawakuyagusa. Hiyo kura moja haikutokana na ubora wowote, ilipangwa kwa bahati nasibu. Maoni yaliyoanza na kura ya juu yalikuwa na uwezekano wa asilimia 32 zaidi wa kupigiwa kura ya juu na msomaji wa kwanza aliyeyaona, na mwishowe alama zake zilikuwa juu kwa wastani wa asilimia 25. Kura ya chini haikufanya hivyo. Wasomaji wengine walijitokeza kuisahihisha.

Mimi nasoma matokeo hayo hivi. Tunapoona mtu kaonewa, wengine wetu husimama kumtetea. Tunapoona mtu kasifiwa bure, tunaongeza sifa, na wala hatuhisi kwamba tumeongozwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika ulimwengu wa vitufe, kilichotembezwa na mtu mmoja asubuhi kinaonekana jioni kana kwamba kimejiuza chenyewe. Na kila aliyebonyeza, ukimuuliza, atakuapia kwamba alisema yaliyo moyoni mwake. Hadanganyi. Moyo wake ulikuwa umeshaiona namba iliyoandikwa pembeni.

Hadi hapa mtu anaweza kuniambia: sawa, lakini kuna ubaya gani? Hata sokoni tunanunua kwenye meza yenye foleni. Ni kweli. Ubaya unaanza pale kitufe kinapokuwa na maana moja kwa anayebonyeza na maana nyingine kwa anayepokea. Facebook ilianza na laiki mwaka 2009. Mwaka 2016 ikaongeza nyuso: upendo, kicheko, mshangao, huzuni, hasira. Mwaka 2021, nyaraka za ndani za kampuni hiyo zilipovuja, gazeti la Washington Post liliripoti kwamba kuanzia mwaka 2017 mfumo wa kupanga machapisho ulizipa nyuso hizo uzito mara tano ya laiki, ukiwemo uso wa hasira. Uzito wa hasira ulipunguzwa baadaye, na mwaka 2020 ukashushwa hadi sifuri.

Mfikirie mtu aliyekutana na chapisho la uongo na chuki, akabonyeza uso wa hasira. Kwa lugha ya kawaida amesema: sipendi hili, liondoke. Mashine imesikia: hili linawagusa watu, wasambazie wengine. Mara tano zaidi ya laiki. Huyu mtu hakukosea kusema. Alisema kwa lugha ambayo maana ya maneno yake ilibadilishwa bila kuambiwa. Tukimlaumu kwa kusambaa kwa chapisho lile, tunamwonea. Tukisema hahusiki kabisa, tunasahau kwamba bila kidole chake lisingesambaa. Ndiyo maana naona suala hili ni la maadili kabla halijawa la ufundi. Ili neno liwe langu, sharti nijue, walau kwa kiasi, litafanya nini likishatoka mdomoni.

Uzito wa sharti hilo tunauhisi zaidi kwenye usafiri. Uber iliingia Nairobi mwaka 2015 na Dar es Salaam mwaka 2016, zikafuata kampuni nyingine, na sasa kijana wa mjini amegeuka hakimu mara mbili au tatu kwa wiki. Si muda mrefu uliopita nilipanda gari la programu moja ya usafiri kutoka Mwenge kwenda Kinondoni. Dereva alipitiliza kona, akazunguka, kiyoyozi kilikuwa kwenye tangazo tu, na redio ilikuwa inahutubia mtaa mzima. Nilipokuwa nashuka akaniambia, “Dada yangu, zile nyota tano usinisahau. Wiki hii hali ngumu.” Nikamjibu, “Haya, kaka,” na nikampa tano.

Rafiki yangu tunayesoma naye uzamili alinisomea mashtaka. Kwa maoni yake nilikuwa nimedanganya. Abiria ajaye ataiona namba ile na kuiamini. Kila mtu akifanya kama wewe, nyota tano hazitakuwa na maana. Aliyewahi kumsoma Kant ataitambua hoja hiyo. Kisha akamalizia kwa methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Nilimjibu kwa hesabu. Mwaka 2015 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba, kwa mujibu wa nyaraka za Uber, dereva aliyeshuka chini ya wastani wa 4.6 alikuwa hatarini kufungiwa. Chukua mpaka huo kama mfano tu, kwa kuwa hutofautiana kati ya mji na mji. Abiria kumi, sita wametoa tano na wanne wametoa nne: wastani ni 4.6 kamili. Akiongezeka mmoja tu wa kutoa nne, yaani watano kwa watano, wastani ni 4.5. Dereva ambaye nusu ya abiria wake wanasema ni bora kabisa na nusu wanasema ni mzuri, yuko chini ya mstari. Ukienda kwa maana ya kawaida, nyota nne kati ya tano ni asilimia 80. Darasani hiyo ni alama ya kujivunia. Barabarani ni barua ya onyo.

Methali ya mgema inamhusu mgema anayelewa sifa. Hapa mgema asiposifiwa ananyang'anywa mnazi. Mnazi wenyewe, mara nyingi, ni gari la mkopo au la tajiri anayetaka hesabu yake kila jioni. Mimi abiria siambiwi hayo. Kitufe kinaniuliza safari ilikuwaje, kwa sauti ya upole, kama mhudumu wa hoteli. Hakiniulizi kama nataka mtu huyu apoteze kazi. Hakimu wa mahakama ya mwanzo anaijua adhabu anayoitoa, anaweza kuipunguza, na mshtakiwa anaweza kukata rufaa. Mimi natoa hukumu bila kujua adhabu, kwa sekunde mbili, huku natafuta funguo za geti.

Kwa hiyo, je, nilisema uongo? Nadhani jibu lipo katika kitufe ambacho sisi Waswahili tumekuwa nacho tangu zamani na tunakibonyeza kila asubuhi. “Habari za leo?” Jibu lipo tayari: “Nzuri.” “Hujambo?” “Sijambo.” “Umeamkaje?” “Salama.” Hata aliyekesha hospitalini akimuuguza mama yake huanza na nzuri. Mgeni anayejifunza lugha hushangaa na kuuliza mbona tunadanganyana. Lakini hakuna kati yetu anayemwita aliyejibu hivyo mwongo, kwa sababu sote tunajua kwamba nzuri ile si ripoti. Inasema tumeonana, tunaheshimiana, mazungumzo yanaweza kuanza. Ripoti huja nyuma ya neno moja fupi: ila. “Nzuri, ila mtoto kaamka na homa.” “Salama, ila mvua imetuharibia.” Na wakati mwingine hata ila haihitajiki. Mtu akisema “nzuri tu” huku akishusha pumzi, aliyeuliza anajua kwamba avute kiti.

Nyota tano zimekuwa nzuri ya mtandaoni. Hazisemi kwamba safari ilikuwa ya ajabu, zinasema sina shauri kubwa na mtu huyu. Watumiaji wanajua hivyo, madereva wanajua hivyo, na bila shaka kampuni zinajua pia. Neno linalotumika na kueleweka na wote kwa maana moja si uongo, hata kama kamusi inasema vingine. Hiyo ndiyo hoja yangu kwa rafiki yangu, na bado naisimamia.

Lakini ukilinganisha vizuri utaona pia kilichopotea njiani. Salamu ina zamu ya pili, kitufe hakina. Salamu ina mtu mbele yako anayeona uso wako. Kitufe kina seva. Na hakuna anayejumlisha nzuri zako za mwaka mzima, akagawa kwa idadi ya watu uliosalimiana nao, kisha akaamua kama uendelee kuajiriwa. Kampuni zimeichukua adabu ya watu na kuigeuza kipimo, kisha zinashangaa mbona kipimo hakipimi.

Bado rafiki yangu ana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Tuseme dereva hakupitiliza kona tu, bali aliendesha kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Hapo huruma yangu inalipwa na abiria ajaye, ambaye hakunituma nimsamehe mtu kwa niaba yake. Nakubali. Dereva wa namna hiyo simpi tano. Hata hivyo angalia jinsi kitufe kinavyonikwamisha: nyota tatu nitakazompa kwa kuhatarisha roho za watu zinafanana kabisa na nyota tatu ambazo mwingine atampa kwa sababu gari lilinuka samaki. Zote zinaingia kwenye wastani uleule, na wastani hausemi kitu kuhusu simu wala samaki.

Shida hii ni ya zamani kuliko intaneti. Rensis Likert alipotoa mizani yake mwaka 1932, ile ya kukubali kabisa hadi kukataa kabisa, aliweka nafasi ya katikati kwa asiyeamua. Kampuni ya HappyOrNot ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 2009 na ambayo vitufe vyake vya nyuso vimesimama kwenye viwanja vya ndege na maduka, ilichagua nyuso nne, bila ya katikati. Ukibonyeza sharti uegemee upande. Kila uamuzi una gharama yake. Ukiweka katikati, unawaweka kwenye kiti kimoja watu wawili wasiofanana: yule asiye na hisia yoyote na yule mwenye hisia mbili kali zinazovutana. Mwanafunzi anayesema mhadhiri huyu anafundisha vizuri sana lakini anatudhalilisha darasani, na mwanafunzi ambaye hakuwahi kuhudhuria, wote wataweka tiki kwenye tatu. Ukiiondoa katikati, unamlazimisha wa kwanza kukata nusu ya ukweli wake na kuitupa.

Basi je, tuvitupe vitufe na kurudi kwenye maandishi? Tulikuwa na sanduku la maoni, na bado lipo kwenye ofisi nyingi: la mbao, lina kufuli na vumbi. Lilidai kalamu, karatasi, muda na ujasiri, na kwa hiyo lilisikia sauti za wachache. Kitufe, kwa ubaya wake wote, kimemfikia hata asiyejua kuandika barua rasmi. Sitaki tukipoteze hicho.

Ninachotaka kinawezekana, maana kuna waliowahi kujaribu. Kwenye eBay, muuzaji na mnunuzi walikuwa wakipimana. Mnunuzi aliyelalamika angeweza kulipizwa alama mbaya na muuzaji, kwa hiyo wengi walinyamaza. Mwaka 2008 eBay iliwanyima wauzaji uwezo wa kuwapa wanunuzi alama hasi. Airbnb, mwaka 2014, ikaja na njia nyingine: mwenyeji na mgeni wanaandika kila mmoja kivyake, na hakuna anayeona cha mwenzake hadi wote wawe wameandika au siku 14 ziwe zimepita. Watu hawakuhubiriwa kuwa wakweli. Iliondolewa sababu moja ya kuogopa.

Kuna pia mahali ambapo haki mbili zinagongana na hakuna mchoro utakaoziridhisha zote. Mwaka 2021 YouTube ilificha idadi ya madole gumba ya chini. Kitufe kipo, namba ndiyo haionekani isipokuwa kwa mwenye video. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwalinda watengenezaji, hasa wadogo, dhidi ya watu wanaojipanga kuwashambulia. Ni sababu nzito. Lakini fundi chipukizi anayejifunza kurekebisha jiko la gesi kwa video sasa hana ile alama iliyokuwa ikimwambia kwamba maelfu walijaribu njia hii wakaona haifai. Anayelindwa ni mmoja, anayelipa ni mwingine, na hawakukutana popote kujadiliana.

Nikiulizwa kitufe cha haki kikoje, ningeanza na kuniambia adhabu kabla sijahukumu: nyota nne zitamfanya nini mtu huyu? Kisha ningeomba mahali pa ila, pasipoingia kwenye wastani bali panapomfikia anayehusika, naye awe na mahali pa kunijibu. Hayo si mambo ya gharama kubwa. Yanachelewesha tu, na kuchelewesha ndiyo dhambi kubwa kuliko zote katika biashara hii.

Kwa sasa, mara nyingi ila yangu naisema kwa mdomo. “Kaka, umeendesha vizuri, ila redio.” Wengine hucheka, wengine hununa, mmoja aliniomba radhi hadi nikaona aibu mimi. Lakini saa nne usiku, peke yangu kiti cha nyuma, kwenye barabara isiyo na taa, simwambii mtu kitu. Nasubiri nifike, nifunge geti, ndipo nibonyeze. Kwa usiku kama huo namshukuru aliyebuni kitufe kisichotaja jina langu. Na kwa usiku huohuo ningependa kujua, kama lilivyokuwa swali la sanduku la maoni, ufunguo wa kufuli ameushika nani.